Mashine ya kung'oa balatumu: chunguzeni sakafu na umeme kabla ya kuiwasha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wenye nyumba, mafundi wenzetu na wakodishaji wa vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi kuhusu mashine ya umeme inayong'oa balatumu (plastiki ya kutandikwa sakafuni), moketi (zulia la kugandishwa) na vigae vya plastiki vilivyogandishwa sakafuni. Nyumba za zamani za katikati ya mji, za Makomeno na za Bel-Air zinageuzwa kuwa ofisi na maduka, na mashine hizi zinapita mkono kwa mkono. Anayeikodi anapewa mashine, waya wake na bei ya siku, basi. Hapewi maelezo, na mara nyingi hata kifuniko cha kisu hakipo. Kwa maoni yetu, hatari kubwa mbili za mashine hii, vumbi na umeme, zinaamuliwa kabla haijawashwa. Ukishabonyeza swichi umeshachelewa.

Kwa asiyeifahamu, mashine hii ni kisu kipana cha chuma, cha sm 15 hadi 35, kilichofungwa kwa boliti mbele ya mota. Mota inakisukuma kisu mbele na kukirudisha nyuma milimita chache tu, kwa kasi kubwa, na uzito wa mashine ndio unaokibana chini ya balatumu. Zipo ndogo za kushika mkononi. Za kusukuma kwa mpini huweza kuvuka kilo 60, na ukiziongezea vyuma vya uzito baadhi zinapita kilo 100.

Tuanze na sakafu, kwa sababu huko ndiko kuna madhara yasiyo na dawa. Vigae vya plastiki vilivyotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mara nyingi vilichanganywa na amianti, nyuzi zile zile za madini zilizomo katika mabati ya zamani ya eterniti. Gundi nyeusi ya lami iliyovishika nayo inaweza kuwa nazo. Kigae kikiwa kizima hakimdhuru anayekikanyaga, maana nyuzi zimefungwa ndani ya plastiki. Mashine inapokipiga kinapasuka vipande vipande, na kila ukingo uliopasuka unaachia nyuzi hewani. Hazionekani, hazinuki, wala hazimkohozeshi mtu siku hiyo. Zikishaingia ndani ya mapafu zinakaa humo. Makovu ya mapafu, kansa ya mapafu, au mezotelioma, ambayo ni kansa ya utando unaoyazunguka mapafu, hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za amianti zinasababisha kansa. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1997 na Ubelgiji mwaka 1998, lakini marufuku hayo hayakuondoa kigae hata kimoja katika nyumba za huku kwetu.

Hakuna fundi anayeweza kuitambua amianti kwa macho, na anayedai anaweza asiaminiwe. Zipo dalili tu za kukusimamisha. Kigae cha mraba chenye upande wa sm 23 hivi, au wa sm 30. Kigae kigumu kinachokatika kwa mlio badala ya kujikunja. Gundi nyeusi. Sakafu ambayo wenye nyumba wanakubaliana kwamba haijaguswa tangu miaka ya 1980. Balatumu ya kukunjua ya miaka hiyo inahitaji uangalifu zaidi kuliko vigae. Upande wake wa chini huweza kuwa na karatasi laini ya kijivu au nyeupe iliyofanana na katoni, na katika baadhi ya aina karatasi hiyo ni amianti karibu yote, nayo inachanika kwa vidole. Kigae kinazibana nyuzi ndani ya plastiki. Karatasi hiyo haizibani hata kidogo.

Ukikuta dalili hizo, usiwashe mashine. Ihesabu sakafu kuwa ina amianti mpaka maabara iseme vinginevyo. Kuchukua sampuli si kazi kubwa, ila ina utaratibu wake. Zima feni na funga madirisha ili hewa itulie, watoe watu wote chumbani, vaa maski ya FFP3, ile inayochuja hata vumbi laini kabisa. Nyunyizia mahali pamoja maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kata kipande cha sm 2 au 3 pamoja na gundi yake, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, kisha uutie mfuko huo ndani ya mwingine. Futa kisu na sakafu kwa kitambaa kibichi, kitambaa hicho nacho kitie mfukoni. Palipokatwa paziba kwa mkanda wa plastiki.

Majibu yakiwa mabaya, au ukikosa njia ya kufikisha sampuli maabara, suluhisho zuri ndilo la bei ndogo pia: viache vigae mahali pake na uvifunike. Kama vimeshika vizuri, balatumu mpya au sakafu ya kuelea, isiyogandishwa kwa gundi, inalala juu yake bila shida, na mashimo machache yanajazwa kwa ragreaji, ile saruji laini ya kusawazisha sakafu. Wenye nyumba wengi wanaona huko ni kulipua kazi. Sivyo. Hata katika nchi tajiri, kufunika ni njia inayokubalika. Kama ni lazima vitoke, vitolewe kwa mkono, vikiwa vibichi, kimoja kimoja bila kuvunjwa, na watu wenye mavazi ya kutupwa na maski yenye chujio kali la P3. Pasipigwe ufagio mkavu, na aspirateri (mashine ya kufyonza vumbi) ya nyumbani isitumike, kwa kuwa chujio lake linazirudisha nyuzi hewani. Mashine tunayoizungumzia haina nafasi katika kazi hiyo.

Tuseme sasa sakafu ni salama, ni moketi ya miaka ya karibuni au balatumu mpya. Bado usikimbilie kuwasha. Inua kona moja kwa mkono uone kilicho chini. Katika nyumba nyingi za zamani za hapa, chini ya balatumu kuna granito, ile sakafu ya vijiwe vilivyosuguliwa yenye vipande vyembamba vya shaba nyeupe au ya manjano kati ya miraba. Ni sakafu nzuri kuliko yoyote unayotaka kuweka juu yake, na kisu kilichosimama sana kinaichora mistari ambayo haitoki bila kusugua chumba kizima upya. Vipande vya shaba vikiwa vimejitokeza hata milimita moja, kisu kinavipiga na kuving'oa. Kwenye granito shusha pembe ya kisu kadiri inavyoruhusu, ondoa vyuma vya uzito, na gundi inayobaki iondoe kwa kikwangulio cha mkono.

Kwenye sakafu ya mbao hatari ni tofauti. Kisu kinazama ndani ya mbao na kuibeba. Kigeuze ili upande wake ulionolewa kwa mshazari utazame chini, ndipo kitateleza juu ya mbao badala ya kuchimba. Misumari iliyochomoza ipigwe ndani kabla. Vizingiti vya chuma vya milangoni, skrubu, vizuizi vya milango, bomba lililopita juu ya sakafu, vyote viondolewe au vizungushiwe alama ya chaki. Kisu kikigonga skrubu kinamegeka, na kipande kilichomegeka hakichagui pa kurukia. Ndiyo maana miwani ya kazi inavaliwa na kila aliye chumbani, hata msaidizi anayekunja mabaki tu.

Umeme. Hapa tunaomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwani ndipo mashine nyingi zinapoungulia na watu kupigwa. Mota ya wati 1,500 kwenye volti 220 inavuta amperi 7 hivi ikiwa inafanya kazi. Wakati wa kuanza inaweza kuvuta mara 4 hadi 6 ya hizo, tuseme amperi 35 kwa nukta chache. Sasa chukua ralonji (waya wa kurefushia umeme) ya mita 50 yenye nyaya nyembamba za mm² 0.75, zile zinazouzwa kwa ajili ya taa na redio. Kwa amperi 35 waya huo unakula volti 80 hivi njiani. Mota inapata 140, inanguruma bila kuzunguka, na ndani ya dakika moja au mbili harufu ya vanishi iliyoungua inajaza chumba. Kwa waya wa mm² 1.5 hasara ni volti 40. Kwa mm² 2.5 ni 25 hivi, na mota inaanza vizuri. Kwa hiyo ralonji ya mashine hii iwe ya mm² 2.5, isizidi urefu unaohitajika, na ikunjuliwe yote kutoka kwenye gurudumu lake. Waya uliobaki umeviringwa huku umebeba mzigo unapata moto hadi plastiki inayeyuka.

Kabla ya kuanza, pima prizi kwa voltimita. Ukikuta chini ya 198, yaani pungufu kwa asilimia 10, subiri. Jioni, watu wakiwasha majiko na pasi, umeme wa mtaa unashuka zaidi ya hapo. Fundi mwenye haraka anaongeza nguvu ya mikono, mota inalemewa, inavuta amperi zaidi, inaungua. Ukitumia jenereta, mashine ya wati 1,500 inataka jenereta ya kVA 4 au 5 kwa sababu ya ule mvuto wa mwanzo, nayo ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala au wameinama kazini.

Waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, sio pambo. Mashine nyingi za aina hii zina mwili wa chuma, na waya wa ndani ukichubuka kwa mtikisiko, umeme unaingia kwenye mpini unaoushika kwa mikono miwili yenye jasho. Prizi zetu zina ule mchomozo wa katikati kwa ajili ya ardhi, ila katika nyumba za zamani mchomozo huo mara nyingi haukuunganishwa na kitu chochote, na adapta za bei ndogo sokoni zinaukata kabisa. Mwite fundi umeme aipime. Mbali na ardhi, mashine ipitie kwenye diferensieli ya mA 30 (miliamperi 30), kile kikata-umeme chenye kitufe cha T, kinachokata umeme unapovuja. Bonyeza T kila asubuhi. Kisipokata, usifanye kazi nacho. Zipo za kuchomeka kwenye prizi, na mkodishaji anayejali kazi yake angeitoa pamoja na mashine.

Delestaji, yaani mgao wa umeme, nayo ina mtego wake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi hubaki na swichi yake imewashwa. Watu wanaiacha, wanatoka kunywa maji, mmoja anapiga magoti kusafisha kisu, umeme unarudi. Umeme ukikatika, zima swichi kwanza, kisha chomoa plagi, hata kama unaamini hautarudi leo.

Kuna tabia moja tunayoipinga kwa nguvu zote. Gundi ikiwa ngumu, wapo wanaomwaga esansi (petroli) sakafuni ili ilegee, kisha wanaleta mashine. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, pale pale mota ilipo, na mota zenye brashi zinatoa cheche muda wote. Hata mota isiyo na brashi ina swichi, na plagi ikichomolewa inatoa cheche. Chumba kinalipuka kabla mtu hajafika mlangoni. Dilua, dawa ya kuzimulia rangi, ni vivyo hivyo. Gundi ya moketi inayolainika kwa maji ilowekwe kwa maji ya moto, mashine ikiwa imechomolewa na kutolewa chumbani, na irudi sakafu ikiwa haina dimbwi tena.

Kazi yenyewe sasa. Wengi wanasukuma mashine chini ya balatumu nzima nzima, na ndiyo sababu inawashinda. Kata balatumu au moketi kwa kateri (kisu cha wembe) kwanza, vipande virefu vyenye upana mdogo kidogo kuliko wa kisu: kisu cha sm 30, kipande cha sm 25 hadi 28. Kipande kipana kuliko kisu kinavutwa na pande ambazo bado zimeshika, kinapasuka mahali usipotaka, na mashine inaruka juu yake. Gundi ikiwa kali, badili kisu uweke chembamba, cha sm 15 au 20, ili uzito wote ubane mahali padogo. Jaribu kwanza mita moja kando ya ukuta. Mita hiyo itakuonyesha pembe na upana unaofaa kuliko maneno ya mtu yeyote.

Anzia upande wa prizi na uende ukiiacha nyuma, waya ukipita begani kwako. Anayeifuata prizi anausukumia kisu waya wake mwenyewe. Shika mpini kwa mikono yote miwili, simama nyuma, acha uzito wa mashine ufanye kazi. Ukijikuta unasukuma kwa kifua, simamisha: kisu kimekuwa butu. Kisu butu ndicho chanzo cha karibu kila lalamiko tunalolisikia, kwamba mashine haina nguvu, inarukaruka, inachoma mikono. Uwe na visu vitatu vilivyonolewa kabla ya kuanza chumba. Unapobadilisha, chomoa plagi, si kuzima tu, vaa glavu za ngozi na subiri dakika chache, kwa sababu kisu kilichotoka chini ya gundi kina joto la kuunguza. Boliti zikazwe kwa zamu, upande huu na upande ule, kisha uzikaze tena baada ya dakika kumi za kazi. Mtikisiko unazilegeza, na kisu kilicholegea kinapasua matundu yake.

Msaidizi akae nyuma au ubavuni, mita 2 au 3, akunje mabaki yanayoachwa. Asipite mbele ya kisu hata kuokota kitu kidogo. Kisu kikinasa, zima, chomoa, sukuma mpini chini ili kiinuke. Kukipiga teke hapana. Kuhamisha mashine toka chumba hadi chumba, kisu kifungwe kifuniko chake au kitolewe. Ngazini vyuma vya uzito vibebwe peke yake, na mashine na watu wawili, aliye chini akiwa ndiye mwenye nguvu zaidi.

Kuhusu vumbi la saruji na gundi: maski ya kitambaa haizuii kitu. FFP2 ndiyo ya chini kabisa inayokubalika, FFP3 ni bora, na mwenye ndevu nyingi ajue kwamba hewa inapita pembeni. Viziba masikio ni lazima. Badilishaneni mpini kila nusu saa, kwani mtikisiko ukizidi unaharibu mishipa ya vidole, na ganzi inayobaki mpaka asubuhi ni onyo.

Mabaki yasichomwe uani. Balatumu na vigae vya plastiki vina PVC, na moshi wake una asidi ya haidrokloriki inayounguza koo na macho. Tunaona vipande vikichukuliwa na watoto kwenda kuwashia mbabula (jiko la makaa). Mama mwenye nyumba na baba mwenye nyumba, wakatazeni, na fundi avifunge vyote ndani ya magunia kabla hajaondoka.

Kwa wakodishaji tuna ombi. Mashine itoke na vitu hivi: kifuniko cha kisu, visu vitatu vikali, ufunguo wa boliti, ralonji ya mm² 2.5 yenye waya wa ardhi, diferensieli ya kuchomeka, na karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili. Na mteja, kabla hujalipa, iwashwe mbele yako dakika mbili bila kisu. Sikiliza kama mota inazunguka bila kukwaruza, kagua waya wote kwa mkono tangu plagi hadi mwilini, plagi ikiwa imechomolewa, na ukikuta mahali palipofungwa mkanda, ikatae mpaka waya ubadilishwe.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mafundi wa sakafu, Kampemba, Lubumbashi